Kansa ya thairoidi, imesambaa au bado? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mi ni mtu wa altrasaundi hapa Mwanza, wagonjwa wananiita dokta na nshachoka kuwasahihisha. Wanatoka Sengerema, Magu, Ukerewe, Geita, mpaka Bunda huko, na karibu wote swali lao ni moja, imesambaa? Nimeyaandika majibu hapa vile vile ninavyoyasema chumbani, maana foleni ikiwa ndefu nje sipati muda wa kueleza yote.

Tuelewane kwanza. Thairoidi ni ile tezi iliyopo mbele ya koo, ikivimba ndo watu wanaita goita au rovu. Mitoki ni zile tezi ndogo ndogo za kinga, zipo shingoni, kwapani, kwenye kinena, ambazo ukiwa na kidonda au jino bovu zinavimba. Watu wanavichanganya hivi viwili sana, na kwenye hii habari ya kusambaa ndo vinabeba kila kitu.

Nina goita, ndo kansa hiyo?

Mara nyingi sana hapana. Vinundu kwenye thairoidi ni vya kawaida mno, hasa kwa akina mama watu wazima, na ukichukua vinundu 100 vilivyofanyiwa uchunguzi vyenye kansa huwa kama 7 hadi 15 hivi, vilivyobaki ni goita ya kawaida au mfuko wa maji au uvimbe usio na shida. Kansa hii inawapata wanawake kama mara 3 ya wanaume, ila mwanaume akija na kinundu mi nakiangalia kwa jicho kali zaidi maana kwake uwezekano wa kuwa kansa uko juu kidogo.

Vitu vinavyonifanya nikae vizuri kwenye kiti ni hivi: kinundu kigumu kisichotembea ukikishika, kinachokua haraka, sauti iliyobadilika bila mafua, mtoki pembeni ya shingo usioisha, mtu aliyewahi kupigwa mionzi shingoni akiwa mtoto (baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986 waliougua kansa hii ni hasa waliokuwa watoto wakati ule), na mtu ambaye kwao ipo kwenye ukoo.

Ni ugali wa udaga umeleta? Au kukosa samaki?

Muhogo ukiliwa sana na mtu asiyepata madini joto (ndo iodini hiyo) ya kutosha unachangia goita, hiyo ni kweli. Na samaki wetu wa ziwani, sato, sangara, dagaa, hawana madini joto mengi kama wa baharini, kwa hiyo mtu anaweza kula samaki wa sokoni Kirumba kila siku na bado akawa na upungufu. Ndo maana ya ile chumvi yenye madini joto. Lakini goita ya chakula sio kansa, tusichanganye mambo, ila sehemu zenye upungufu wa madini joto ile aina ya folikula huwa inaonekana kwa wingi zaidi kuliko kwingine, na folikula ina tabia yake kwenye kusambaa, soma swali linalofuata.

Kansa ya thairoidi inasambaa kwenda wapi?

Inategemea aina. Ukiniambia una kansa ya thairoidi bila kuniambia aina hujaniambia kitu.

Papilari ndo nyingi, karibu 8 kati ya 10. Hii inapenda mitoki ya shingo, inaanza na ile iliyo katikati chini ya tezi alafu inaenda ya pembeni, mara chache inaruka ya katikati na kwenda pembeni moja kwa moja hasa kinundu kikiwa sehemu ya juu ya tezi. Wengi wakisikia iko kwenye mitoki wanaanza kugawa mali, na mi nasema hapana, papilari kwenye mitoki kwa kijana ni jambo linalotibika na mtu anaishi, inaongeza hatari ya kurudi shingoni kuliko hatari ya kufa.

Folikula haishughuliki sana na mitoki. Hii inapita kwenye damu, inaenda mapafu na mifupa. Kuna mtu anakuja hospitali kwa maumivu ya mgongo au nyonga iliyovunjika kwa kitu kidogo, wakipima wanakuta chanzo ni kinundu cha shingoni alichokaa nacho miaka na hakijawahi kumuuma.

Medula ni chache, inawahi kwenda mitoki, ini, mapafu na mifupa, na inaweza kuwa ya kurithi. Anaplastiki ni chache kabisa na ni mbaya kabisa, inawapata wazee, inakua kwa wiki sio kwa miaka, na hata ikikutwa bado shingoni inahesabiwa hatua ya 4 moja kwa moja. Babu au bibi mwenye goita ya zamani iliyolala miaka 20 alafu ghafla inakua, inabana pumzi, sauti inakauka, huyo asisubiri mavuno yaishe wala hela ya pamba, leo leo anaenda hospitali.

Kwenye altrasaundi unaonaje kama imesambaa?

Ntaelekeza taratibu maana hapa ndo kazi yangu. Nakulaza chali, naweka mto chini ya mabega shingo ifunguke, nakupaka jeli (ya baridi, utashtuka). Naanza na kinundu chenyewe. Kikiwa cheusi kuliko tezi, kingo zimechongoka chongoka, kina vidoti vyeupe vidogo ndani, na kimesimama yaani urefu wa kwenda ndani umezidi upana, hapo nakipa alama za juu za hatari. Kile ambacho ni maji matupu au kina matundu matundu ya maji mengi nakipa alama za chini. Naangalia pia kama kinasukuma ukuta wa tezi kutoka nje kugusa misuli au bomba la hewa.

Alafu nahama kwenda pembeni, kulia na kushoto, kutoka chini ya taya mpaka juu ya mfupa wa mtulinga, na huko natafuta mitoki. Mtoki mzima una umbo la haragwe na katikati una mstari mweupe, ndo pale damu inapoingilia. Mtoki ulioingiwa na kansa unakuwa wa duara, ule mstari unapotea, damu inapita pembeni badala ya katikati, na ukiwa wa papilari unaweza kuwa na vile vile vidoti vyeupe au maji ndani. Nikiona vidoti au maji kwenye mtoki wa mtu mwenye kinundu kibaya, hata kabla ya sindano ya kuchukua chembe najua tunaelekea wapi, japo siwezi kukwambia pale kitandani.

Sasa udhaifu wa altrasaundi uusikie kabisa. Mitoki ya pembeni naiona vizuri, ya katikati naiona kwa shida maana tezi yenyewe inaifunika na nyuma kuna hewa ya koo, kwa hiyo nikiandika hakuna mitoki mibaya maana yake sijaiona, sio kwamba haipo, na daktari wa upasuaji anaweza kufungua akakuta. Hajakudanganya mtu hapo. Na kipimo hiki kinategemea sana mkono wa anayepima, ukipewa ripoti ya mistari miwili inayosema tu goita ipo, bila kutaja kinundu kina sifa gani wala mitoki imekaaje, omba upimwe tena na mtu mwingine.

Sindano si ndo inaamsha kansa isambae?

Hili nalisikia kila wiki. Ile sindano ni nyembamba, nyembamba kuliko wanayokutolea damu mkononi, inachukua chembe chache zinapakwa kwenye kioo na kuangaliwa kwa darubini. Kansa kufuata njia ya sindano kwenye thairoidi ni kitu adimu mno. Kinachotokea ni kwamba mtu anakaa na kansa miaka akitumia dawa za kienyeji, akija hospitali imeshatembea, anachomwa sindano, wiki mbili baadaye anaambiwa imesambaa, basi mtaa mzima unasema sindano ndo imesambaza.

Majibu ya sindano yanatolewa kwa makundi 6 ya mfumo unaoitwa Bethesda. La 1 maana yake chembe hazikutosha, rudia. La 2 ni salama. La 6 ni kansa. Ya katikati ndo yanasumbua watu, hasa la 4, maana kwa folikula sindano haiwezi kutofautisha uvimbe salama na kansa, mpaka uvimbe wote utolewe na wataalamu wa maabara wakague ganda lake kama limetobolewa au kama chembe zimeingia kwenye mishipa ya damu. Kwahiyo ukiambiwa tunatoa nusu ya tezi ili tujue, sio kwamba wanabahatisha.

Mtoki nao unachomwa. Na kuna ujanja mzuri hapo, ile sindano ikishatoka wanaisuuza na maji ya chumvi alafu yale maji wanapima thairoglobulini, kitu kinachotengenezwa na chembe za thairoidi peke yake. Ikikutwa kwa wingi ndani ya mtoki wa pembeni ya shingo jibu limeshapatikana, kwani thairoidi imefikaje huko?

Sauti inakwaruza, ina maana imesambaa?

Inaweza kumaanisha mshipa wa fahamu wa kamba za sauti umebanwa au umeingiwa, na hiyo ni dalili nzito. Inaweza pia kuwa tindikali ya tumbo au umepiga kelele kwenye mpira uwanja wa Kirumba. Wanaingiza kamera ndogo kooni wanaangalia kama kamba zote mbili zinacheza, ni dakika chache. Mwenye sauti iliyobadilika afanyiwe hiki kabla ya upasuaji, sio baada.

Niende CT moja kwa moja si inaonyesha vyote?

CT, ile picha ya mashine ya eksirei inayozunguka, inafaa kansa ikiwa kubwa, inabana bomba la hewa au imeshuka kifuani, na kwa kuangalia mapafu. Ila mwambie daktari kama kuna mpango wa kumeza iodini ya mionzi (dawa inayoua chembe za thairoidi zilizobaki) baadaye, kwa sababu ile dawa ya kung'arisha wanayochoma kwenye CT ina iodini nyingi, inaujaza mwili, na inabidi kusubiri mwezi mmoja au miwili ndo iodini ya mionzi ifanye kazi. Sio sababu ya kukataa CT inayohitajika, ni ya kupanga ratiba.

Nimeshapasuliwa, nitajuaje kama itarudi au itasambaa?

Kwa karatasi ya majibu ya nyama, yaani maabara walivyoikagua nyama iliyotolewa kwenye upasuaji. Hii karatasi mi naithamini kuliko picha zangu zote na ndo watu wanaipoteza, wanatunza risiti ya hospitali wanatupa majibu ya nyama. Ukiwa nayo tafuta haya: aina ya kansa, ukubwa kwa sentimita, imetoka nje ya tezi au la, kwa kuonekana kwa macho au kwa darubini tu (tofauti ni kubwa), imeingia mishipa ya damu au la, kingo ziko safi au la, na mitoki mingapi imetolewa, mingapi ina kansa, na kipande kikubwa cha kansa kwenye mtoki kina ukubwa gani.

Kutokana na hayo madaktari wanakuweka kundi. Mwongozo wa chama cha thairoidi cha Marekani wa mwaka 2015, ambao umetumika sehemu nyingi, ulikuwa na hatari ndogo, ya kati na kubwa. Vimitoki vichache vyenye chembe za kansa chini ya milimita 2, hatari ndogo. Mitoki zaidi ya 5 au mtoki uliokuwa unaonekana kabla ya upasuaji, ya kati. Mtoki wa sentimita 3 na kuendelea, au kansa iliyobaki shingoni, au iliyofika mapafu au mifupa, kubwa. Na kundi sio la maisha, ukifanya vizuri kwenye kliniki za mwaka wa kwanza na wa pili wanakushusha, ukifanya vibaya wanakupandisha.

Mbona mwenzangu ana mitoki kibao wanamwambia hatua ya 1?

Ana umri gani? Kwa papilari na folikula, mwenye chini ya miaka 55 hata mitoki ikiwa mingi anabaki hatua ya 1, na ikifika mapafu ni hatua ya 2, basi, hakuna 3 wala 4 kwake. Zamani mpaka ulikuwa miaka 45, ukabadilishwa, ulianza kutumika 2018. Hatua inapima hatari ya kufa, makundi ya swali lililopita yanapima hatari ya kurudi, ndo maana mtu anaweza kuwa hatua ya 1 na bado akaambiwa asikose kliniki hata moja.

Thairoglobulini yangu ni 3, nimekwisha?

Hiki ni kipimo cha damu cha kufuatilia kama kansa imebaki au inarudi, na namba moja peke yake haisemi kitu. Nataka kujua tezi ilitolewa yote au nusu, maana nusu iliyobaki inatengeneza thairoglobulini halali kabisa. Ulimeza iodini ya mionzi? Ulipima lini, maana inabidi zipite wiki kadhaa baada ya upasuaji. TSH, ile homoni inayoisukuma thairoidi ifanye kazi, ilikuwa ngapi? Na je, walipima kingamwili zinazoishika thairoglobulini, kwa sababu ukiwa nazo namba inaweza kusoma chini wakati kansa ipo, na hapo zile kingamwili zenyewe ndo zinafuatiliwa kama zinapanda au zinashuka.

Aliyetolewa tezi yote, akameza iodini, anatumia vidonge vyake vya homoni ya thairoidi vizuri, akiwa chini ya 0.2 na altrasaundi ni safi, huyo yuko pazuri sana. Kinachotisha ni namba inayopanda, na kasi yake, ikiwa inaongezeka mara mbili ndani ya mwaka hiyo ni kansa iliyo kazini. Pima maabara ile ile kila mara kwa sababu mashine zinatofautiana, na wadada mnaotumia vidonge vya nywele na kucha vyenye bayotini semeni ukweli maabara, vinaharibu vipimo hivi.

Namba ikipanda tunaanza na shingo, altrasaundi. Shingo ikiwa safi wanatafuta kwingine kwa picha ya iodini mwili mzima, na iodini isipoonyesha kitu wakati namba iko juu, ndo PET, picha ya kuchomwa sukari yenye mionzi, inapoingia, kwa sababu kansa ikikomaa ubaya inaacha kula iodini na inaanza kula sukari, na PET inafuata sukari.

Kumeza iodini nakwendaje, na nikirudi itakuwaje nyumbani?

Hospitali ya Bugando hapa Mwanza wana kliniki ya kansa na ndo wengi wa kanda ya ziwa wanaanzia hapo, wa Sengerema na Geita siku hizi mnapita daraja la Kigongo-Busisi hamna tena kusubiri kivuko. Kwa iodini ya mionzi wengi wamekuwa wakipelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar.

Wiki 1 au 2 kabla unapunguza madini joto: hamna chumvi yenye madini joto, samaki wa baharini, maziwa, kiini cha yai. Hapa watu wa ziwa tuna nafuu, sato freshi kwa kawaida anaruhusiwa, ila asiwe amekaushwa kwa chumvi ya dukani. Mjamzito hamezi kabisa, anayenyonyesha anaachisha kabla na harudishi kwa mtoto huyo, na ujauzito unasubiri miezi 6 mpaka 12.

Siku chache baada ya kumeza wanakupiga picha ya mwili mzima, na hiyo picha ndo mara nyingine inaonyesha vidoti mapafuni ambavyo eksirei haikuviona. Iodini hii nguvu yake inapungua nusu kila siku 8 na nyingi inatoka na mkojo. Sasa shida yetu ni safari, Dar mpaka hapa ni zaidi ya kilomita 1,000, unakaa siku nzima kwenye basi bega kwa bega na mama mjamzito au mtoto mapajani. Waambie wahudumu wazi kabisa kwamba unarudi kwa basi na nyumbani una watoto, watakupangia siku za kusubiri. Usinyamaze eti unaona aibu.

Nasikia akili mnemba inatabiri kansa itasambaa wapi, kweli?

Zipo programu zinazosoma picha za altrasaundi na kukadiria kama mitoki ina kansa, na kwenye tafiti nyingine zinashindana vizuri na watu. Ila zimefundishwa kwa picha nyingi za China, Korea na Marekani, sio za goita kubwa ya bibi wa Misungwi iliyokaa miaka 30, kwa hiyo mi nasema ziwe msaidizi.

Kinachotabiri vizuri zaidi saa hizi ni vinasaba vya kansa yenyewe. Badiliko la BRAF V600E lipo kwenye papilari nyingi na peke yake halisemi sana, likikaa pamoja na badiliko la TERT hapo kansa huwa kali, inarudi na inasambaa. Kipimo ni cha bei, na kwa mtu mwenye kakinundu kadogo kasiko na mitoki sioni haja ya kuuza ng'ombe kwa ajili yake.

Kwetu mama na kaka wote wameugua, watoto wapimwe?

Kama ni medula, ndio, na wapimwe damu kuangalia badiliko kwenye kinasaba cha RET. Mtoto akikutwa nalo thairoidi inaweza kutolewa kabla kansa haijaanza. Medula inafuatiliwa kwa kalsitonini, thairoglobulini haihusiki, na iodini ya mionzi haiitibu. Na kabla ya upasuaji wowote wahakikishe hakuna uvimbe kwenye tezi za juu ya figo, maana presha inaweza kulipuka mezani.

Basi si wote tupimwe shingo mapema?

Hapana. Korea Kusini walifanya hivyo, altrasaundi za shingo zikawa za kila mtu, na kufika 2011 kansa zilizogunduliwa zilikuwa mara 15 ya zile za 1993, ila waliokufa walibaki wale wale. Maelfu walipasuliwa kwa vikansa vilivyokuwa vimelala. Japani kule Kobe tangu 1993 vya chini ya sentimita 1 wanavifuatilia tu na vingi havikui. Ukiwa na dalili njoo, usipokuwa nazo hela hiyo lipa ada ya mtoto.

Kuna mzee anachua goita na kuichanja, vipi?

Asikuchanje. Shingo ikichanjwa inapata kidonda na usaha, mitoki inavimba, nikija kupima sijui tena kama imevimba kwa kansa au kwa kiwembe.

Nikiambiwa imesambaa nina muda gani?

Kwa takwimu za Marekani, papilari ikiwa kwenye tezi au mitoki ya shingo, zaidi ya 95 kati ya 100 wako hai miaka 5 baadaye, ikiwa imefika mbali wanabaki kama robo tatu. Watoto wanakuja na mapafu yameguswa mara nyingi kuliko watu wazima na bado wanakua vizuri. Anaplastiki ndo wengi hawamalizi mwaka. Hizo ni namba za nchi ambako wengi wanapata upasuaji, vidonge na kliniki zote, sio za aliyetoroka wodini kwa sababu ya bili, kwa hiyo suala la bima lishughulikie mapema kabla tarehe ya upasuaji haijafika.

Nikija kupima nije na nini?

Picha na ripoti za zamani zote hata zilizochakaa, majibu ya sindano, majibu ya nyama, na majina ya dawa unazotumia. Kula kama kawaida hufungi. Vua cheni nyumbani, na kilemba kisishuke mpaka shingoni. Na kama unatoka Ukerewe uliza kwanza kwa simu kama mashine inafanya kazi siku hiyo.